Kisu Kidogo cha Kumenyea: Chepesi, Kizito, cha Kijapani, cha Kaboni au cha Seramiki?

Kisu kikubwa hufanya kazi ubaoni. Kisu kidogo hufanya kazi hewani, ndani ya kiganja, na mara nyingi makali yake huelekea kidole gumba cha huyo huyo anayekishika. Ukilizingatia jambo hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi zaidi, maana sifa zinazokipamba kisu cha kukatia nyama, kama uzito na urefu, zinaweza kuwa mzigo mtupu kwenye kisu cha kumenyea viazi.

Nimewaona watu wengi wakinunua kisu kikubwa kizuri, kisha wakachukua na kidogo cha seti hiyo hiyo bila hata kukishika. Kikifika nyumbani kinalala kwenye droo, na kazi zote ndogo zinaendelea kufanywa na kile kikuukuu kisicho na jina. Kikuukuu hicho kina sababu ya kupendwa: ni chepesi, kinaingia mkononi, na kila mtu nyumbani anajua kukinoa.

Visu vya aina zote tano nitakazozieleza vimepita mikononi mwangu. Viwili nimebaki navyo, vingine nimewagawia ndugu, na waliovipokea wanavifurahia kuliko nilivyovifurahia mimi. Kwa hiyo sitakuambia kipi ni bora kwa watu wote. Nitakueleza kila kimoja kinataka nini kwako.

Mambo manne ya kupima

La kwanza ni mkono: uzito, unene wa mpini, na kama mpini unashikika ukiwa umelowa. Anayemenya vitunguu saumu ana vidole vyenye utelezi muda wote. Kisu kinachoshikika vizuri kikiwa kikavu bado hakijapita mtihani.

La pili ni makali: yanapata kiasi gani yakiwa mapya, na yanadumu muda gani kabla ya kuwa butu.

La tatu ni kunoa, na hapa naomba tukae kidogo. Visu vipya karibu vyote vinakata, hata vile dhaifu. Swali la kujiuliza ni utafanya nini siku kitakapoacha kukata, kwa sababu siku hiyo lazima ifike. Kama una kinoo na unapenda kukitumia, mlango wako ni mpana. Kama huna, na hutaki kujifunza, kuna visu vizuri sana ambavyo baada ya mwaka mmoja vitakuwa vyuma butu vya gharama.

La nne ni uvumilivu: kustahimili maji, asidi ya limau na nyanya, kuanguka sakafuni, na ile tabia tuliyo nayo wengi ya kubandulia vifuniko kwa ncha ya kisu.

Bei sikuifanya kipimo cha peke yake. Aina moja ya kisu inaweza kuuzwa kwa bei ya chini na ya juu, na bei haikwambii lolote kuhusu mkono wako.

Maneno machache kuhusu chuma

Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C, kinachofupishwa HRC. Visu vingi vya jikoni viko kati ya 54 na 62. Namba hizi zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana.

Chuma laini, tuseme cha 55 au 56, makali yake yakigonga kitu kigumu hulala ubavu bila kuvunjika. Ukiyapitisha kwenye fimbo ya chuma ya kunolea yanasimama tena. Chuma kigumu, cha 60 au 61, makali yake hayalali upesi. Yanaweza kunolewa yakawa membamba zaidi na yakabaki hivyo kwa muda mrefu, lakini yakizidiwa humeguka na kuacha pengo. Mfua visu hana budi kuchagua aegemee upande upi, na wewe unaponunua unachagua pamoja naye.

Jambo jingine ni kutu. Chuma huhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Mwaka 1913 Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha chuma chenye kromiamu nyingi, na visu vya mezani vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kunufaika nacho. Kabla ya hapo kila kisu cha jikoni kilikuwa cha kufutwa na kukaushwa mara kwa mara, kama kile cha kaboni nitakachokieleza baadaye.

1. Kisu chepesi cha bapa lililokatwa kwenye bati

Bapa lake hukatwa kutoka kwenye bati jembamba la chuma, likatiwa moto ili likaze, likanolewa, kisha likavikwa mpini, mara nyingi wa plastiki. Vinavyojulikana zaidi ni vya Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyotokana na karakana ambayo Karl Elsener aliifungua mwaka 1884. Jina lenyewe limeunganisha Victoria, jina la mama yake, na inox, neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Ziko kampuni nyingine nyingi zinazotengeneza visu vya namna hiyo hiyo.

*Mkononi.* Ni chepesi kiasi kwamba baada ya viazi kumi unasahau kuwa umekishika. Bapa ni jembamba na linakunjika kidogo, kwa hiyo linafuata mviringo wa kiazi na kutoa ganda jembamba. Ubaya ni kwamba mpini nao mara nyingi ni mwembamba. Mwenye mikono mikubwa atajikuta anaubana kwa nguvu, na vidole vinauma kabla kazi haijaisha.

*Makali.* Kikiwa kipya kinapata kweli kweli. Siri iko kwenye wembamba wa bapa zaidi kuliko ubora wa chuma: kitu chembamba hupenya bila kupasua. Ugumu wake huwa kwenye 55 au 56, hivyo ukikitumia kila siku utaanza kuhisi kinateleza juu ya ngozi ya nyanya ndani ya wiki chache.

*Kunoa.* Hakuna chepesi zaidi kwa mtu asiye na uzoefu. Kinakubali fimbo, kinakubali kinoo cha aina yoyote. Ukikosa vyote, geuza kikombe cha udongo na ukinoe kwenye ile duara ya kikalio isiyong'aa. Mara sita kila upande, kinarudi kazini.

*Uvumilivu.* Maji na limau havikisumbui. Ncha ndiyo dhaifu: ukiitumia kubandua kitu itapinda. Lakini kuanguka hakukitishi, na hata kikipotea kwenye maganda na kutupwa pamoja nayo, huzuni yake ni ndogo.

*Kinamfaa nani.* Nyumba yenye watu wengi wanaoingia jikoni, mwanafunzi anayeanza kujipikia, na yeyote anayemenya sana. Kinamfaa pia mpishi hodari. Nimewahi kuona wapishi wa kazi wenye visu vikubwa vya thamani, na kando yake kisu kidogo cha mpini wa plastiki.

2. Kisu kizito kilichofuliwa

Hapa chuma hupashwa moto kikapigwa kwa nyundo ya mashine hadi kipate umbo, kinene shingoni, yaani pale bapa linapokutana na mpini, na chembamba kuelekea nchani. Msuka wake, yaani mkia wa bapa unaoingia kwenye mpini, mara nyingi hupita urefu wote wa mpini na kushikwa kwa misumari mitatu. Makao makuu ya ufundi huu ni mji wa Solingen, Ujerumani. Kampuni ya Zwilling inahesabu historia yake huko tangu 1731 na Wüsthof tangu 1814, na jina la mji huo linalindwa kisheria tangu 1938, ili lisichapwe ovyo kwenye visu vilivyotengenezwa kwingine.

Chuma kinachotumika sana kwenye visu hivi huitwa X50CrMoV15. Jina hilo linasomeka kama kichocheo cha mapishi: kaboni karibu asilimia 0.5, kromiamu karibu asilimia 15, na molibdenamu na vanadi kidogo. Jambo ambalo muuzaji hatakueleza ni kwamba chuma hicho hicho, au kinachokaribiana nacho sana, hutumika pia kwenye visu vyepesi. Tofauti ya pointi mbili za ugumu hutokana na jinsi kilivyotiwa moto na kupozwa. Fedha ya ziada inaenda kwenye umbo, mizani, mpini na umaliziaji. Hayo yana thamani yake, lakini ujue ndiyo unayoyalipia.

*Mkononi.* Uzito wake unaweza kuwa mara mbili au zaidi ya kile chepesi, na mwingi umekaa shingoni na kwenye mpini. Mpini ni mnene, umejaa kiganjani, na shingo inatoa mahali salama pa kuegemeza kidole. Kwa kukata ubaoni, kwa mfano kitunguu kidogo au karoti, uzito huo unasaidia. Kwa kumenya muda mrefu, mkono unachoka.

*Makali.* Ugumu huwa karibu 58, hivyo yanadumu kuliko ya kile cha kwanza. Tatizo ni unene wa bapa juu ya makali. Kwenye tufaa au karoti ngumu utasikia mlio mdogo wa kupasuka, maana bapa linasukuma pande mbili kama kabari.

*Kunoa.* Fimbo inakifaa sana: mapito machache kila baada ya siku kadhaa, na kinoo mara chache kwa mwaka. Ila angalia shingo. Katika baadhi ya visu shingo nene inashuka hadi kwenye kisigino cha makali, yaani mwisho wake ulio karibu na mpini, na sehemu hiyo haigusi jiwe. Baada ya miaka ya kunolewa bapa linaliwa mbele huku kisigino kikibaki juu, na kisu hakikai tena sawasawa ubaoni. Ukipata chenye shingo iliyoishia juu ya makali, chukua hicho.

*Uvumilivu.* Hapa kinashinda vingine vyote. Kinaanguka, kinabanwa, kinasukumwa, na kinarudi. Kikitunzwa kinarithiwa.

*Kinamfaa nani.* Mwenye mikono mikubwa, anayekitumia kisu kidogo zaidi ubaoni kuliko hewani, na anayetaka kununua mara moja tu maishani.

3. Kisu cha Kijapani cha chuma kigumu

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna kisu cha kumenyea chenye bapa la sentimita 8 au 9, na kuna kile kinachoitwa petty, jina lililotokana na neno la Kifaransa la "dogo", chenye sentimita 12 hadi 15. Petty ni ndugu wa kati: kirefu mno kwa kumenyea mkononi, lakini kizuri ajabu kwa kazi ndogo za ubaoni. Ukiagiza petty ukidhani ni kisu cha kumenyea utasikitika, na kosa si la kisu.

Miji inayotajwa sana kwa ufundi huu ni Seki na Sakai. Chuma kimoja kinachotumika mno ni VG-10, chenye kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu 15, na ugumu wa 60 au 61. Mara nyingi kiini hicho kigumu huwekwa katikati ya tabaka za chuma laini zaidi. Yale mawimbi mazuri unayoyaona ubavuni ni ya tabaka za nje. Hayakati chochote, kinachokata ni kiini. Usiyalipie mawimbi ukidhani unalipia makali.

*Mkononi.* Chepesi, mpini wa mbao wa mviringo au wa pembe nane, uzito umeelekea mbele. Kinaongozeka kwa vidole viwili. Wengine huona mpini wa mbao isiyopakwa kitu unashikika vyema zaidi ukiwa na unyevu kidogo, na mimi ni mmoja wao.

*Makali.* Hapa ndipo unapoelewa kwa nini watu wanakizungumzia sana. Makali hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hivi kila upande, wakati visu vya Kijerumani kwa desturi vilikuwa kwenye 20. Kitunguu saumu kinatoka vipande unavyoweza kuona mwanga upande wa pili. Stroberi haipondeki. Kitunguu maji kinaliza kidogo, kwa kuwa makali yanakata badala ya kukamua. Na hali hiyo inadumu muda mrefu.

*Kunoa.* Kinataka jiwe la maji, yaani jiwe la kunolea linalotumiwa likiwa limelowa, la namba 1000 kwa kazi ya kawaida (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), na la 3000 au zaidi kwa kumalizia. Fimbo ya chuma yenye mistari inaweza kumegua makali yake, na vile vinoleo vidogo vya kupitisha kisu katikati ya vigurudumu viwili vinaweza kuyaharibu kabisa. Kujifunza kunoa kwenye jiwe si kazi ngumu, lakini kunahitaji jioni kadhaa za utulivu na kisu cha mazoezi kisichokuuma moyoni.

*Uvumilivu.* Kutu si tatizo kubwa, ila kuvunjika ni tatizo. Mfupa, chakula kilichoganda na kokwa ni adui zake. Siku moja nilikitia changu kwenye kokwa la parachichi, nikakizungusha kama nilivyozoea kufanya na kisu kingine. Nikasikia mlio mdogo mkavu. Pengo lilikuwa la ukubwa wa punje ya mchele, na nilikaa kwenye jiwe karibu saa nzima kulimaliza. Hakikuwa kibovu, nilikifanyisha kazi isiyo yake.

*Kinamfaa nani.* Anayependa ukataji wenyewe, anayejua au yuko tayari kujua kunoa, na anayeweza kusema kwa upole nyumbani kwake kwamba kisu hiki hakiguswi bila ruhusa.

4. Kisu cha chuma cha kaboni

Hiki hakina kromiamu ya kutosha kukinga kutu. Ndicho chuma cha mababu wa visu vyote, na bado kinatengenezwa kwa sababu kuna watu hawawezi kukiacha. Ufaransa ina desturi ndefu nacho: jina Sabatier linahusishwa na mji wa Thiers, na Opinel, iliyoanza 1890 katika eneo la Savoie, inatumia chuma cha kaboni na kisichoshika kutu pia. Soma maandishi kabla hujanunua, kwa kuwa visu viwili vinavyofanana kwa nje vinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

*Mkononi.* Inategemea mtengenezaji. Kuna vyepesi na kuna vizito. Vingi vina mpini wa mbao.

*Makali.* Yanapata mno, na hata yakianza kuchoka yanaendelea kuuma chakula, hayatelezi ghafla.

*Kunoa.* Raha tupu. Chuma hiki kinalikubali jiwe haraka na unahisi kwa vidole makali yanapoinuka. Kama unataka kujifunza kunoa, hiki ndicho mwalimu mwenye subira.

*Uvumilivu.* Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu wanaokipenda huficha. Ukikiacha kimelowa wakati wa kula, utakikuta na madoa ya rangi ya chungwa. Ukikata limau na kukiweka kando, bapa linageuka kijivu. Siku za mwanzo tunda linaweza kupata ladha ya chuma, na kitunguu kinaweza kupata weusi kidogo. Kadiri siku zinavyokwenda bapa linajijengea utando wa bluu na kijivu, na utando huo unapunguza kutu na ladha. Utando si uchafu, usiusugue. Kutu ya rangi ya chungwa ndiyo ya kuondolewa. Kinachotakiwa ni kitambaa kikavu karibu na ubao, na mkono uliozoea kufuta kabla ya kuweka chini.

Changu nimekuwa nacho miaka mingi. Bapa lake limekuwa na rangi ambayo hakuna kiwanda kingeweza kuipaka, na kila nikilifuta nahisi ni langu kuliko chombo chochote jikoni. Ila sikitoi kabatini wageni wakija kunisaidia kupika.

*Kinamfaa nani.* Anayepika peke yake au na mwenzake mmoja aliye mwangalifu, anayependa kutunza vitu, na anayenoa mwenyewe. Hakimfai anayekata matunda zaidi ya mboga.

5. Kisu cha seramiki

Hiki si chuma. Ni unga wa oksidi ya zirkoniamu uliokandamizwa, ukachomwa tanuruni kwa joto kali, kisha ukanolewa kwa almasi. Kampuni ya Kyocera ya Japani ndiyo iliyokifanya kijulikane jikoni tangu miaka ya 1980.

*Mkononi.* Chepesi sana, karibu kama hakipo. Wapo wanaofurahia hilo. Wengine hukosa ule uzito mdogo unaoambia mkono ncha iko wapi.

*Makali.* Yanadumu kuliko ya chuma chochote hapa, maana seramiki hii ni ngumu kuliko chuma cha visu. Hayashiki kutu, hayaachi ladha, wala hayabadiliki kwa limau.

*Kunoa.* Kwa almasi tu, na kwa mkono mwangalifu. Watu wengi hawataweza nyumbani.

*Uvumilivu.* Kikiangukia sakafu ngumu kinaweza kukatika vipande viwili, au ncha ikaruka. Usikipindishe, usibandulie kitu, usipondee kitunguu saumu kwa ubavu wake.

*Kinamfaa nani.* Anayekata matunda na mboga laini tu, anayetaka makali ya muda mrefu bila kunoa kabisa, na aliyekubali kwamba siku kitakapokwisha atanunua kingine. Mwenye maumivu ya vifundo vya mkono pia anaweza kuupenda wepesi wake.

Umbo la bapa

Ukishachagua aina, bado kuna umbo. Lenye ncha kama mkuki na tumbo la mviringo kidogo ndilo la kazi zote: linamenya, linatoa kikonyo cha nyanya, linachomoa macho ya kiazi. Kama utakuwa na kimoja tu, kiwe hicho. Lenye makali yaliyonyooka na mgongo unaoinamia nchani hukaa vyema ubaoni na ni salama zaidi kwa mtoto anayejifunza, kwa kuwa ncha yake haichomi kwa urahisi. Lililopinda kama mdomo wa ndege hukumbatia vitu vya mviringo. Ni zuri kwa matufaa na viazi vidogo, lakini ubaoni halina kazi, na kulinoa kunasumbua. Yapo pia yenye meno. Yanaingia vizuri kwenye nyanya na ganda la chungwa, ila yakiisha huwezi kuyarudisha kwa kinoo cha kawaida.

Kabla hujakichukua

Kishike kama unavyomenya, makali yakielekea kwako na kidole gumba mbele, wala si kama unavyokata ubaoni. Angalia kama kisigino cha bapa kinakuchoma kidole cha shahada. Pitisha ukucha mahali mpini unapokutana na bapa. Ukihisi ufa, maji na mabaki ya chakula vitakaa humo. Kisha ukitazame kutoka mgongoni, jicho moja limefumba, uone kama bapa limenyooka. Ukiweza, loweka vidole kidogo na ushike tena.

Na uangalie kilicho nyumbani kwako. Ubao wa mbao au wa plastiki laini unahifadhi makali. Kioo, jiwe na sahani vinayaua siku hiyo hiyo, kiwe kisu cha namna gani. Mashine ya kuoshea vyombo nayo hukigonganisha na vyombo vingine na kukausha mpini wa mbao hadi upasuke. Droo isiyo na utaratibu ni mbaya zaidi. Tafuta ala, hata ya plastiki rahisi, ili makali yasikwaruzane na vijiko na mkono wa mtu usikutane nayo gizani.

Kwa hali yako

Kama nyumbani kwako kisu ni cha kila mtu, kinaoshwa na yeyote na kuachwa popote, chukua chepesi cha bati. Ikiwezekana chukua viwili, kimoja kiwe kinanolewa kingine kikiwa kazini.

Kama unapika karibu kila siku, una fimbo na unaitumia, na kisu chako kidogo kinakaa zaidi ubaoni, kilichofuliwa kitakuridhisha. Lakini kishike kwanza, kwa sababu uzito ule hauzoeleki kwa kila mkono.

Kama tayari una jiwe la maji na unanoa kisu kikubwa bila woga, cha Kijapani kitakuonyesha kiasi gani ulikuwa unaponda badala ya kukata. Kama jiwe huna, nunua kwanza jiwe, ujifunze na kisu ulicho nacho. Miezi mitatu baadaye utajua kama bado unakihitaji.

Kama unanoa kwa furaha lakini mkono wako unasahau kufuta, kaa mbali na kaboni. Kama hausahau, kijaribu, na uvumilie wiki za mwanzo.

Kama kazi yako kubwa ni matunda ya asubuhi na mboga za kachumbari, na neno kunoa linakuchosha, seramiki itakutumikia kwa muda mrefu kwenye ubao wa plastiki laini, mbali na ukingo wa meza.

Na kama unamnunulia mtu mwingine, usianze na kisu. Muulize anatumia nini kunoa. Akikuonyesha kinoo, una uhuru wa kuchagua kati ya vyote vitano. Akikutazama tu, mpe chepesi cha bati pamoja na kinoo kidogo, kisha mkae naye nusu saa umwonyeshe jinsi ya kukishika.